Mfundishe Mwanao Kupindua Akiwa Chini, Kabla Hujamfundisha Ngumi

Leo nataka tuongee jambo ambalo wengi mtashangaa kulikuta kwenye safu ya afya, nalo ni mieleka. Usiondoke kwanza. Mimi ni muuguzi, nilisomea kazi hii Tanzania na nikaisoma tena hapa Uingereza, nina miaka arobaini na ushee, na sijawahi kuwa mtu wa michezo hata siku moja. Kilichonifikisha huku ni simu kutoka shule.

Nilikuwa wodini, katikati ya kugawa dawa za mchana, nikaambiwa mwanangu amemng'ata mwenzie mkononi hadi damu imetoka. Alikuwa na miaka 11. Nilipofika nikapewa habari yote: kijana mmoja mkubwa kuliko yeye alimwangusha uwanjani, akamkalia tumboni, akamkandamiza mikono, na wenzake wamesimama wanacheka. Wangu akajitingisha, akalia, akachoka. Mwishowe mkono wa yule kijana ukapita karibu na mdomo wake, akang'ata. Sasa basi, aliyekaliwa hana alama yoyote mwilini, aliyemkalia ana meno mkononi. Mnadhani nani alionekana mkosaji? Wangu akarudishwa nyumbani siku mbili, na barua juu.

Kabla sijaendelea, niseme neno moja la kiuguzi, maana najua wapo watakaolihitaji. Jeraha la kung'atwa na binadamu si la kudharau. Mdomo wa mtu umejaa vijidudu, na mkononi kano na viungo viko karibu sana na ngozi, kwa hiyo uchafu ukiingia unasambaa upesi. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, usilifunge kwa plasta ukasubiri kesho, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Ataangalia kama antibaotiki zinahitajika, ataulizia sindano ya pepopunda, na ataulizia homa ya ini aina ya B. Hapa Uingereza chanjo ya homa hiyo iliingizwa kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wachanga kwa waliozaliwa kuanzia Agosti 1, 2017, kwa hiyo watoto wetu wakubwa zaidi waliozaliwa hapa huenda hawana. Yule mama wa mtoto mwingine aliniuliza swali hilo hilo mbele ya mwalimu, nami nikajibu nikiwa nimevaa sare yangu ya kazi. Aibu niliyoipata siku ile sitaki mwenzangu yeyote aipate.

Jambo la pili ni la makaratasi, na hili linatuhusu sisi kuliko wenyeji. England na Wales mtoto anaweza kushitakiwa kwa kosa la jinai kuanzia miaka 10, na Scotland kuanzia miaka 12. Tena mtoto anapoombewa uraia wa Uingereza, kipengele cha tabia njema kinaangaliwa kuanzia miaka 10. Sisemi kwamba ugomvi wa uwanjani unamnyima mtu uraia, la hasha, na barua ya shule si hati ya polisi. Lakini ugomvi unaomalizika kwa jino lililong'oka au pua iliyovunjika unaweza kufika polisi, na ukifika huko unaacha karatasi. Mtoto wa jirani anaweza kuwa na uzembe huo. Wetu hana nafasi hiyo.

Usiku ule nikamuuliza mwanangu, kwa nini hukumsukuma tu? Akaniangalia kama vile mimi ndiye mtoto. "Mama, nilikuwa chini."

Jibu hilo lilinikalia kichwani wiki nzima. Nilikulia Tanga, na pale mchangani tuliwatazama kaka zetu wakipigana mieleka kila jioni. Walikuwa hodari wa ngwala na wa kupiga mtama, mtu anakatwa miguu huyooo! Lakini sheria ilikuwa moja tu: mgongo ukigusa mchanga, mchezo umekwisha. Umelala chali, umeshindwa, inuka jipanguse mchanga mwingine aingie. Hakuna aliyewahi kutufundisha mtu afanye nini baada ya kulala chali, kwa sababu kwetu hapakuwa na baada. Na bila kujua tumewarithisha watoto wetu fikra hiyo hiyo. Mtoto akiangushwa anajua kuwa yameisha, anabaki kusubiri huruma ya aliye juu, na huruma isipokuja anafanya lolote litakalomjia: anang'ata, anakwangua macho, anaokota jiwe.

Baba yake, kama wanaume wengi, dawa aliyoiona ni ndondi. "Mpeleke akajifunze ngumi, wamwogope." Nilikataa, na hapa nasema kama muuguzi. Ngumi shabaha yake ni kichwa, na nimehudumia vichwa vya kutosha. Ubongo wa mtoto bado unajengwa, haupendi kutikiswa. Zaidi ya hapo ngumi haikusaidii kitu umelala chali na mtu mwenye kilo 60 amekukalia. Mikono ya aliye chini haina nguvu, nyuma ya kiwiko pana sakafu, huwezi kurudisha mkono upate kasi. Aliye juu ana nafasi na uzito vyote viwili.

Dada mmoja Mkenya tunayefanya naye kazi ndiye aliyenielekeza kwenye klabu ya jujitsu ya Kibrazili, ukumbi mdogo nyuma ya gereji, mikeka ya bluu, na harufu ya miguu. Mchezo huu asili yake ni judo ya Japani. Mjapani Mitsuyo Maeda alifika Brazil mwaka 1914, akamfundisha kijana aitwaye Carlos Gracie, na familia ya Gracie, hasa mdogo wake Hélio, wakakuza zaidi ile sehemu ya kupambana mkiwa chini. Dunia iliujua hasa Novemba 1993, pale Denver, Royce Gracie, mtoto wa Hélio, mtu wa umbo la kawaida tu, alipowashinda wanaume watatu usiku mmoja katika UFC ya kwanza, na wote watatu walikuwa wazito kuliko yeye. Mengine ya historia mtayatafuta wenyewe, mimi sikwenda kwa ajili hiyo.

Nilikaa pembeni kwenye benchi na koti langu, nimenuna. Kocha akamlaza mtoto mmoja chali, mwingine akamkalia tumboni, kama ilivyokuwa uwanjani. Kisha akamwonyesha yule wa chini jinsi ya kumpindua wa juu. Nikasimama. Nilikuwa naijua kazi ile! Naifanya kila siku ya Mungu, mara kumi kwa zamu moja.

Wewe unayefanya kea au uuguzi utanielewa mara moja. Mgonjwa mzito, kilo 110, amelala chali, unataka kumgeuza ubavu. Huwezi kumnyanyua, ukijaribu mgongo wako ndio utakaokatika. Unafanyaje? Unamkunja goti la mbali, unauvusha mkono wake kifuani, ule mkono wa upande anaokwenda unauweka vizuri usije ukazuia, kisha unashika bega na nyonga, na mwili mzima unakuja wenyewe kama gogo. Ndivyo pia tunavyomlaza ubavu mtu aliyezimia: goti lililokunjwa ndilo usukani. Sasa mchukue mgonjwa yule yule, lakini leo amechanganyikiwa, ameshika reli ya kitanda kwa mkono mmoja. Mtakuja wauguzi watatu, hamtamgeuza. Mtatoa jasho. Ukiuachisha mkono ule taratibu kutoka kwenye reli, hata mtu mmoja anamgeuza.

Kupindua mtu aliyekukalia ni kitu hicho hicho, tofauti ni kwamba wewe ndiye godoro. Aliye juu yako anasimama kwa nguzo nne, mikono miwili na magoti mawili, kama meza. Hutaiangusha meza kwa kuisukuma juu. Ondoa miguu miwili ya upande mmoja, kisha iguse kidogo kuelekea upande huo, itaanguka yenyewe.

Nieleze jinsi inavyofanyika pale mtu anapokukalia tumboni, kwa sababu ndiyo hali ya uwanja wa shule. Kocha wetu anaiita daraja. Kwanza viwiko vyako vibane mbavuni, usinyooshe mikono kumsukuma kifua, maana mkono ulionyooka ni zawadi kwake. Akiweka mkono wake wa kulia kifuani kwako au chini karibu yako, ukumbatie kwa mikono yako miwili ubane kifuani. Hiyo ni reli ya kitanda, umeiondoa. Kisha mguu wako wa kushoto uvuke nje ya mguu wake wa kulia, uubane kisigino chake pembeni ya makalio yako asiweze kuutoa. Upande mmoja sasa hauna nguzo. Vuta nyayo zako karibu na makalio, sukuma nyonga juu kwa nguvu zako zote, na ikifika juu kabisa tazama nyuma kupitia bega lako la kushoto na ugeuke huko. Anakwenda. Hana mkono wa kujizuia, hana mguu wa kujizuia. Unajikuta umepiga magoti katikati ya miguu yake, wewe ndiye uliye juu.

Kosa la kila mtu mwanzoni, na langu pia, ni kugeuka kabla ya kunyanyua. Nyonga ikiwa bado sakafuni unageuza kiuno tu, mzigo unabaki pale pale. Nyanyua kwanza. Kosa la pili ni kugeukia upande ambao mkono uko huru. Anaweka kiganja chini, basi, umerudi ulikoanzia, na safari hii umechoka.

Namna nyingine ni ile ya mkasi, ambayo ndiyo wanayoipenda watoto. Hii ni ya pale ambapo umelala chali lakini yeye hajakukalia, amepiga magoti katikati ya miguu yako. Hali hiyo wenyewe wanaiita gadi, kwa sababu miguu yako ndiyo mlinzi wako. Unashika mkono wake wa kulia kwenye kiwiko au mkono wa nguo, na mkono wako mwingine unashika ukosi. Unajisogeza nyonga kidogo pembeni, unalala ubavu wako wa kushoto. Muundi wa mguu wa kulia unapita mbele ya tumbo lake, mguu wa kushoto unalala sakafuni ukigusa goti lake. Halafu unamvuta aje juu yako hadi magoti yake yawe mepesi. Hapo ndipo siri ilipo, mvute kwanza, watu wengi wanarusha mateke wakati mzigo bado uko magotini kwake. Akishakuja, mguu wa juu unasukuma kuelekea kushoto, mguu wa chini unafagia goti lake kwenda kulia, kama mkasi unavyokata kitambaa. Anaanguka upande ule ambao umeuzuia mkono wake.

Kwenye mashindano ya shirikisho lao la kimataifa, kupindua kuanzia kwenye gadi kunapewa pointi 2, na ni lazima ukae juu sekunde 3 ndipo zihesabiwe. Ile ya daraja haipewi pointi, kwa sababu umekaliwa na huna gadi. Mimi pointi hazinihusu. Ila hizo sekunde tatu nazipenda, maana zinamfundisha mtoto kwamba kumgeuza mtu na kumtuliza ni kazi mbili.

Sasa mnisamehe, kuna jambo sikubaliani na wapenzi wa mchezo huu. Wakishauzoea, wengi wanapenda kujilaza wenyewe kwa makusudi ili waanzie kwenye gadi. Ukumbini sawa. Nje ya ukumbi, kwenye lami, na wenzake yule mtu wamesimama hapo na viatu, kulala chini kwa hiari ni uwendawazimu. Mwanangu nimemwambia: ukiangushwa, pindua, simama, ondoka uende kwa mtu mzima. Usibaki juu yake kumlipizia. Na mtu akiwa na kisu hakuna cha mkasi wala daraja, ni mbio tu. Wanaokwambia uzito hauna maana nao wanakudanganya, ndiyo maana mashindano mengi yana makundi ya uzito. Ufundi unapunguza pengo, hauliondoi.

Nilipolitaja jambo hili kwenye harusi moja ya jumuiya yetu, mama mmoja mtu mzima alinivuta pembeni. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba huku ananitazama juu chini. "Mwanangu, nasikia unampeleka mtoto akalaliwe." Meza nzima ikacheka. Nilimjibu kwa adabu kwamba mtoto alishalaliwa tayari, na hakuna aliyemuuliza mtu ruhusa. Lakini sikumcheka, na wala sipendi vijana wanavyowacheka wazee kwenye hili. Wasiwasi wake una msingi. Ni mchezo wa miili kugusana, na mzazi ana haki ya kuuliza. Waulize kama makocha wamekaguliwa rekodi zao za jinai, utaratibu ambao hapa England unajulikana kama DBS. Uliza kama mzazi anaruhusiwa kukaa na kutazama. Ukiambiwa wazazi wasubiri nje, chukua mtoto wako uondoke, usiage. Kwa mabinti uliza kama kuna vipindi vya wanawake peke yao, klabu nyingi vipo, na kuna nguo za kubana za mikono mirefu na hijabu za michezo zisizo na pini. Binti ndiye hasa ninayetaka asome hili. Mvulana akikaliwa anadhalilishwa. Binti akikaliwa na mtu asiyemtaka, tunajua sote kinachoweza kufuata, ingawa hatupendi kukitaja.

Tuje kwenye madhara, maana nisingekuwa muuguzi kama ningewapa sifa tu. Katika kupindua, anayeumia mara nyingi ni anayepinduliwa. Anapoanguka anatupa mkono ulionyooka kujizuia, na kiganja kikigonga chini uzito wote unapanda kwenye kifundo, kiwiko, hadi bega. Kwa watoto, karibu na ncha za mifupa kuna sehemu laini ambayo ndiyo inayokua, ikivunjika hapo si jambo la kupaka dawa ya kuchua. Mtoto wa kwanza kabisa afundishwe kuanguka: kidevu kifuani, mkono mzima upige mkeka kwa ubapa, asijizuie kwa kiganja. Kocha asiyeanza na hilo simwamini. Anayepindua naye yuko hatarini shingoni. Ukiwa umemfunga mtu kwa miguu kiunoni naye akasimama na wewe unaning'inia, achia miguu mara moja, kabla hajakubwaga. Mashindanoni kubwaga ni marufuku. Uwanjani hakuna refa.

Mtoto akigonga kichwa, mtoe mchezoni siku hiyo hata kama anasema yuko sawa. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege, kichwa kikizidi kuuma, au akitoka maji maji puani au sikioni, hiyo ni 999, usipige simu nyumbani kwanza kuuliza ushauri.

Ngozi. Hapa wahudhuriaji wengi wa klabu ni wachafu kuliko wanavyokiri. Choa anapenda sana mikeka ile, na bakteria wa majipu pia, na virusi vya malengelenge ya mdomoni huweza kuhamia usoni na shingoni kwa kusuguana. Mtoto aoge kwa sabuni mara tu baada ya mazoezi, si asubuhi yake. Nguo zifuliwe kila mara, taulo isiazimwe, mtu asiende msalani peku kisha akarudi mkekani. Ukiona duara lenye magamba au kidonda chenye usaha, baki nyumbani ukatibiwe. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu kama picha za kwenye vitabu vyao zinavyoonyesha. Choa kwetu huonekana kahawia au kijivujivu, na madaktari wengine huku wanaupita hivi hivi. Waonyeshe, uwaambie uko kwenye mieleka.

Kuna jambo ambalo makocha wa huku wengi hawalifikirii, ila sisi lazima tulifikirie, nalo ni selimundu. Mtu mwenye ugonjwa wenyewe azungumze na daktari wake bingwa kabla ya mchezo wowote mzito. Lakini hata aliyebeba kinasaba kimoja tu, ambaye maisha yake yote ni mzima, anaweza kupata matatizo makubwa, mara chache, akijitutumua kupita kiasi kwenye joto bila maji. Marekani chama kikuu cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianza mwaka 2010 kuwataka wanamichezo wa daraja lao la kwanza wajulikane hali yao ya kinasaba hicho. Kama hujui hali ya mwanao, uliza kwa daktari wa familia. Kama anacho, mwambie kocha: maji ya kutosha, kuongeza mazoezi polepole, na misuli ikiuma au kulegea ghafla anaacha hapo hapo, haitwi mvivu. Mwenye pumu aje na pafu lake, liwe pembeni ya mkeka, si kwenye gari.

Na ninyi wazazi wenzangu? Mimi niliingia mkekani nikiwa na miaka 43, baada ya miezi mitatu ya kukaa kwenye benchi. Wiki ya pili nilimpindua kijana kwa nguvu badala ya ufundi, ubavu ukalia kwaa, nikawa nashindwa kupiga chafya kwa mwezi mzima na kazini nikawa naomba wenzangu wanigeuzie wagonjwa. Nilistahili. Kwa hiyo sikukatazi, ila pima presha kwanza, maana ukibana pumzi huku unasukuma mzigo presha inaruka juu. Toa pumzi unaponyanyua nyonga. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla na baada. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito, huu si mchezo wenu kwa sasa. Mwenye goti bovu aanze na daraja, mkasi uje baadaye. Na ukibanwa shingo au kiungo, gonga mara mbili mapema, achana na ujanadume. Nimewaona wanaume wa umri wetu, mabosi kwao, wanaona haya kumgongea msichana wa miaka 20. Huyo tutamkuta kliniki ya mifupa, foleni yake ya miezi.

Faida ambayo sikuitegemea ni mgongo wangu. Kule wodini nilikuwa nainama na kuvuta kwa mikono, kama nilivyojifunza kwa kuiga miaka ile. Sasa ninatafuta kwanza ni nini kinachomzuia mgonjwa asigeuke, ni mkono, ni goti, ni shuka lililojikunja chini yake. Nikishakiondoa simvuti, namwelekeza. Sijasema mwende mkekani ili mgongo upone, wapo waliouharibia huko huko. Nasema mimi wangu umenufaika.

Mwaka jana, mwanangu akiwa na miaka 13, shule ilipiga tena simu. Nikatoka wodini moyo unadunda, nikijua ni yale yale. Mwalimu akaniambia amekaliwa na kijana mwingine kwenye nyasi za uwanja wa mpira, akamgeuza, akasimama, akatembea hadi kwa mwalimu wa zamu na kueleza. Nikauliza nani ameumia. Hakuna aliyeumia. Yule kijana alikuwa na nyasi kichwani tu. Wakaniomba hata hivyo nisaini fomu, kwamba nimearifiwa, nikasaini.

Kwa anayetaka kwenda kujaribu wiki hii, klabu nyingi somo la kwanza ni bure, na tracksuit ya kawaida isiyo na zipu inatosha. Vua hereni, toa shanga kwenye nywele za watoto. Na kata kucha zako na zao.